Jina Nililomwachia Mtu wa Mtoni

Mimi kutunga siwezi. Shuleni insha zangu zilirudi zikiwa nyekundu ukurasa mzima, na nilipomaliza darasa la nane nadhani mwalimu alifurahi kuliko mimi. Kwa hivyo haya ninayokuandikia sijayatoa kichwani. Yalinipata mwaka jana baada ya mvua, mtoni upande wa Gatuanyaga, nikiwa macho, na sikuwa nimeonja kitu ila chai.

Ninaosha magari Gitothua, Ruiru. Ni kazi nzuri kwa mtu wa ndoto, maana mkono ukisugua, kichwa kiko huru. Ndoto yangu ilikuwa kuwa na hoteli ya kuelea. Ziko kama hizo mtoni huko: vibanda vya mbao na mabati juu ya mapipa ya plastiki, vimefungwa kwa kamba kwenye miti ya ukingoni. Stima ya kuwasha taa hakuna. Ukitaka kwenda kibandani unapanda jukwaa dogo la mbao linaloelea, unajivuta kwa kamba, na juu ya kamba wametundika debe lenye kokoto, ili mtu akivuka wenyewe wasikie. Nilimwonyesha shosho, nyanya yangu mzaa baba, picha kwenye simu. Ana miaka sabini na nane na alikuwa hajawahi kulala mahali pa kulipia. Akaitazama muda mrefu, halafu akasema, "Nipeleke, mume wangu."

Usishtuke. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na ukishapewa, wewe ndiye yeye. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni shosho ananiita mume wake. Nikiwa darasa la pili alikuwa ananishtaki kwa majirani, eti mume gani huyu hajui bei ya sukari. Guka, huyo babu mwenyewe, sikumwona. Alikata mkonge ng'ambo ya mto, na jioni moja akirudi nyumbani maji yakamchukua, baba yangu akiwa bado tumboni. Hakupatikana. Shosho hakuolewa tena.

Hayo nilikuwa nayajua. Ambalo sikujua ni mahali. Tulipofika kibandani shosho alishika nguzo, akatazama maji, akasema kwa sauti ya mtu anayekuonyesha duka, "Walimtafuta hapa siku saba."

Ningemrudisha nyumbani saa hiyo hiyo, si ndiyo? Lakini Mama Njeri, mwenye mahali, alikuwa ameshatuletea githeri ya mahindi na maharagwe na chupa ya chai, na yeye na shosho walikuwa wameshaanza kuchekeana. Alimuuliza shosho kama haogopi maji. Shosho akamwambia aogope nini na amekuja na mume wake. Mama Njeri akanipima toka kichwani mpaka viatuni, akasema basi huyo mume aongezwe githeri.

Giza lilipoingia shosho akalala. Mimi nikakaa nje mlangoni. Kibanda kile ni chepesi, niamini, shosho akijigeuza tu kitandani sakafu inainama na kikombe kinatembea. Ndiyo maana nilishangaa nilipoona kijana ameketi pembeni yangu, miguu majini, na sakafu haijainama hata kidogo. Debe halikulia. Nguo zake zilikuwa kavu. Alinuka mkonge mbichi.

Nikafikiri ni mfanyakazi wa pale. Akanisalimia kwa Kikuyu, kile cha wazee, ingawa tulikuwa rika moja. Akaniuliza ni nani amelala ndani.

Na mimi nikajibu vile nimezoea kujibu maisha yangu yote. "Mke wangu," nikasema, nikicheka.

Hakucheka. "Amezeeka."

"Wote tutazeeka."

"Si wote," akasema.

Akaniuliza jina. Nikamwambia. Unaulizwa jina, utakataa? Mto ukanyamaza, nikasikia masikio yangu tu.

"Hilo ni langu," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kupanga foleni. "Nimekaa hapa chini bila jina. Wakiniita, unaitika wewe. Akiniita yeye, unaitika wewe. Nirudishie moja. Mke au jina."

Nikataka kusema nilikuwa natania. Lakini ndani nilisikia pumzi ya shosho ikivutwa, halafu kimya, halafu sikusikia ikitoka. Nikaingia kwa magoti, nikamshika nyayo. Zilikuwa baridi kama soda ya friji. Nikamtikisa. Kichwa kikaenda upande.

"Chukua jina," nikasema.

Sikufikiri. Ungefikiri wewe? Nilisema vile unavyompa mtu kiberiti.

Ganzi ilianzia vidoleni, kama ile ya kung'olewa jino, ikapanda mikono, ikafika kifuani, ikakaa. Kijana akateremka majini polepole kama anayeshuka ngazi. Maji hayakutoa sauti. Shosho akakohoa.

"Ni nani hapo?"

"Ni mimi, shosho."

"Wewe nani?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilijua herufi za jina langu, nilijua linavyoanza, lakini ilikuwa kama kusoma bango la duka la mtu.

"Njoo ulale, kijana," akasema kwa upole. "Usikae kwenye baridi."

Asubuhi alisimama ukingoni mwa sakafu, akavuta shali, akaita lile jina kuelekea majini, mara moja, kwa sauti ya msichana. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sikuitika. Nilisikia limeitikwa.

Shosho yuko salama, anakula, amenenepa. Jumapili nikienda kwake ananikaribisha vizuri kama mtoto wa jirani, ananisimulia habari za mume wake, jinsi anavyopenda chai ya tangawizi. Kitambulisho changu ninacho, jina limeandikwa, lakini ukiliita barabarani sitageuka. Kazini wananiita Wewe wa Mpira, kwa ule mpira wa maji ninaooshea magari. Siku moja maji moto yalinimwagikia mkononi na nikamaliza gari ndipo nikaona ngozi imebabuka. Watu wananiuliza kama nina huzuni. Hata hiyo ningeifurahia.

Sijuti, ujue. Angeniuliza leo ningempa tena.

Ila wewe kama umebeba jina la mtu aliyekutangulia, na uko juu ya maji ambayo hayakumrudisha, mtu akikuuliza huyo aliyelala ni nani wako, weka mzaha wa nyumbani kando. Mwambie ni shosho yako. Mwambie wewe ni mjukuu tu. Na akikuuliza jina, ingia ndani, umshike shosho miguu, unyamaze mpaka kuche.