Majani Laini Niliyochuma kwa Shangazi

Wadau, mwenzenu niliwahi kung'oa miche mia tatu ya shangazi yangu, tena nikiwa nimevaa koti jeupe la maabara.

Najichukia hadi leo.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa na kitalu cha parachichi, na bila cheti cha maabara yetu kuthibitisha aina anayouza, kitalu kinafungwa. Bosi akanipa mimi kazi hiyo makusudi, eti anione msimamo.

Wiki nzima nilipasua matunda ya miti yake mama, ile anayozalishia miche. Pima kokwa, pima ganda, onja. Maabara ikavunda, funza wakatambaa mezani, chakula kikanishinda. Lakini kila kipimo kilisema aina ni yenyewe.

Kisha majibu ya vinasaba vya majani niliyochuma kwenye miche yakatoka: parachichi la kienyeji.

Bosi akacheka. "Jicho linadanganyika. Vinasaba havina undugu."

Nisionekane nambeba shangazi, nikatia saini ripoti chap: miche ing'olewe.

Kesho yake tukafika na vibarua. Miche ikang'olewa yote, ikarundikwa juani. Shangazi akanisogelea.

"Mwanangu, yale majani ulichuma wapi?"

"Kwenye miche yako, shangazi. Usinitie aibu mbele za watu."

"Wapi kwenye mche?"

Nikamwonyesha. Chini kabisa. Tulifundishwa kuchuma majani machanga, ndiyo yanayotoa vinasaba safi, na machanga yalikuwa yamechipua chini.

Akaokota mche mmoja, akanionyesha kovu shinani.

"Hapa nimebebesha, nimeunga kikonyo cha mti mama. Juu ni aina yangu. Chini ni kienyeji, nimekitaka mizizi tu. Wewe umepima mizizi."



Nikamkimbilia bosi. Wala hakuinua macho. "Ripoti imeshakwenda. Ukisema, kazi huna. Mwambie aombe upya mwakani."

Mijitu mingine inatia kinyaa, jamani!

Ila subirini, kinyaa chenyewe ni hiki: nilinyamaza. Kitalu kikafungwa, pale sasa ni gereji. Mimi nikapandishwa cheo kwa "uadilifu".

Shangazi bado ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Hajawahi kumwambia mtu kosa langu.

Jana nimeandika barua ya kukiri, nimeipeleka kwa wakubwa wa bosi. Watakachoamua na waamue.

Wale mnaojikausha kwa ndugu zenu ili msifiwe mko safi, jiulizeni kwanza. Mimi sikuwa mwadilifu hata siku moja. Nilikuwa mwoga, basi.