Haki ya Kunyamaza Niliyomfundisha Shemeji

Nilitazama filamu za mahakama za Amerika kwenye simu mpaka nikajiona avoka, mtetezi wa watu mahakamani. Basi Mama Riziki alipomshitaki shemeji yangu Bosco kwa shefu wa kijiji, huku kwetu karibu na Lushebere, kwamba juzi ng'ombe za Bosco zilikula maharagi ya shamba lake, nilimvuta Bosco pembeni.

"Usiseme kitu. Kule Amerika muntu hana kosa mpaka ihakikishwe. Mwenye kushitaki njo analeta ushuhuda. Wewe uko na haki ya kunyamaza."

Bosco ni mtu wa heshima. Alinyamaza.

Shefu alimuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikaa nyuma nikiitikia kwa kichwa, mpumbavu mkubwa. Hata watoto wa kwetu wanajua: ukiulizwa mara tatu bila kujibu, umekubali. Shefu akaamua Bosco amlipe Mama Riziki ng'ombe wake wa maziwa, yule mmoja anayelisha nyumba yake.

Hapo Bosco akafungua mdomo, machozi yakimlenga.

"Papa Shefu, juzi ng'ombe zangu zote zilishinda kwa huyu shemeji. Muganga wa nyama alikuwa anazipiga sindano. Yeye mwenyewe alizishika kamba."

"Na mbona haukusema?"

"Yeye njo alinikataza."

Watu wote wakanigeukia. Shefu akaniuliza polepole:

"Papa, wewe njo ulikuwa shahidi wake. Ulikuwa unangoja nani aseme?"

Aliniuliza mara tatu.