Chokoleti ya Mama Maji

Wifi yangu mtaani wanamwita Mama Maji, na siyo kwamba anauza maji. Ni kwa sababu anaosha. Kijiko anakiosha kabla ya kukitumia, anakiosha akishakitumia, na wewe ukikigusa hapo katikati anakuangalia mkono, kisha anakiosha tena. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale pale sebuleni kwake, na ukienda kupimwa, kabla ya futi kufika kiunoni unaonyeshwa bomba. Mimi ni msusi, nashinda na mafuta ya nywele mikononi, na mdomo wangu hauna kufuli. "Wifi," humwambia, "iko siku utaosha hata sabuni." Anacheka kidogo, kisha ananipa taulo.

Namtania, lakini sababu naijua. Binti yake, mtoto wa kaka yangu, tunamwita Kidoti kwa ile alama nyeusi aliyonayo juu ya mdomo. Alipokuwa anaanza tu kutembea, jirani mmoja, tena mtu mwema, alimpa biskuti. Kumbe ilikuwa na karanga. Midomo ikavimba, macho yakafumba, kifua kikaanza kupiga mluzi. Kaka yangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Wifi alimbeba mtoto akakimbia naye barabarani miguu mitupu mpaka mwenye gari mmoja akasimama. Hospitali wakamwahi. Daktari akamwambia asithubutu kumpa karanga hata chembe, hata ile iliyobaki kwenye kijiko, maana safari nyingine huenda asipate muda wa kukimbia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Toka siku hiyo karanga hazikuingia tena nyumba ile, na aliyeumia kuliko wote ni mama yetu, mimi na kaka, anayeishi chumba cha uani. Mama anapenda karanga kuliko anavyotupenda sisi. Aliambiwa azile huko huko chumbani, anawe vizuri, ndipo aje kumpakata mjukuu. "Wanangu wote nimewalea kwa karanga," alikuwa akinung'unika, "na hakuna aliyekufa. Leo nafukuzwa mezani kwa ajili ya mbegu!" Wifi anamwitikia, "Nisamehe, mama," lakini kulegeza halegezi hata kidogo.

Mtoto naye akafundishwa kuuliza. Akipewa chochote na yeyote, hata na mimi shangazi yake wa damu, lazima aulize: kina nini ndani, nani amekitengeneza, na kijiko kimegusa nini. Anauliza kwa sauti, mbele za watu. Tulikuwa tunaona aibu jamani. Nilikuwa namwita Afande.

Sasa mwaka huu mtoto mmoja wa darasani kwao alifanyiwa sherehe, ikakatwa keki ya chokoleti, na Kidoti akakaa barazani peke yake na ndizi aliyotoka nayo nyumbani. Hakulia. Alirudi, akavua viatu, akamwambia mama yake, "Mama, siku yangu ya kuzaliwa nataka chokoleti. Kidogo tu. Nijue ikoje."

Hilo neno "nijue" lilimchoma wifi. Nilimkuta ameinamia cherehani, anashona mfuko wa shati upande usio wake.

Basi akaanza kutafuta. Nina mteja wangu, mwokaji wa keki, nikamkutanisha naye. Wifi alimhoji yule dada mpaka akakaribia kununa. Hatimaye akauziwa kipande kizima cha chokoleti nyeusi, inayotoka kwa watengenezaji wasioingiza karanga kiwandani kwao kabisa. Akakificha kabatini chini ya kanga zake, na ufunguo akatembea nao.

Keki hakutaka. Alitaka kitu chepesi, cha kistaarabu, chenye vitu vichache ambavyo anaweza kuvihesabu mwenyewe: stroberi, machungwa, ndizi, chokoleti na chumvi kidogo mno ya kunyunyizia. Tunda unalichovya nusu, nusu nyingine inabaki na rangi yake, unalipanga kwenye sahani nyeupe, basi. Hata mtu wa hoteli kubwa angekula akaomba tena.

Siku ilipofika nilifunga saluni nikaenda kumsaidia. Nilimkuta jikoni amekwisha kuosha kila kitu. Mimi nikamenya machungwa, nikayatoa na ile ngozi nyeupe mpaka vipande vikabaki vinang'aa. Yeye akaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, akaikatakata chokoleti humo, ikaanza kulainika. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nilimwona anatabasamu, nikafurahi.

Lakini hofu haijui sikukuu. Aliitazama chokoleti, akatazama mwiko, akauchomoa. "Wifi, huu nimeuosha?"

"Umeuosha nikiwa nakuona."

Akauosha tena. Akaurudisha ukiwa unadondosha maji, akakoroga. Akautoa, akauosha, akakoroga. Mara ile chokoleti laini ikashikana. Ikawa nzito, ngumu, yenye chengachenga, kama udongo wa kufinyangia. Alizidi kuikoroga na ndivyo ilivyozidi kukataa.

"Imeharibika," akasema. Sauti haikuwa yake. "Ndiyo hiyo tu, wifi. Sina nyingine." Nje tayari tulisikia wasichana wa darasani wanapiga kelele kwenye mlango wa uani, na Kidoti anawakaribisha kama mwenye nyumba. Wifi akaweka mwiko chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia analia kwa kujibana mdomo na kitambaa.

Mama alichungulia dirishani, akaona bakuli, akasikia kilio. "Watoto wamefika na hakuna kitu?" akaniuliza. Nikamwambia aniache kwanza. Akaguna, akaondoka.

Nikampigia yule mwokaji. Nikamweleza. Unajua alifanya nini? Alicheka! "Ameingiza maji huyo," akasema. "Tone la maji linaiua chokoleti. Sasa usiogope, iongeze maji."

"Dada, una wazimu? Si umesema maji ndiyo yameiua?"

"Tone linaiua, vijiko kadhaa vinaifufua. Yawe ya moto sana. Tia kijiko, koroga kwa nguvu, tia kingine. Haitaganda tena, itakuwa mchuzi wa kumwagia. Usichovye, mwagia."

Mimi niliyezoea kuambiwa maji yakizidi unga mambo yameharibika, nikafanya kama nilivyoagizwa. Nilikoroga mpaka bega likauma. Kwanza ikawa mbaya zaidi, nikamlaani mwokaji na ukoo wake wote. Halafu ikaanza kulegea, ikanyooka, ikang'aa mpaka nikaona taa ya jikoni ndani yake. Nikapiga kigelegele peke yangu! Nikapanga matunda kwenye sahani, nikamwagia ile chokoleti nyembamba nyembamba kama uzi, nikanyunyiza chumvi. Nikagonga mlango wa chumbani. "Mama Maji, toka. Maji yako yametuokoa."

Alitoka macho mekundu, akaonja kwenye ncha ya kidole, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Akabeba sahani mwenyewe. Tukatoka naye uani tunacheka.

Kicheko kiliishia mlangoni.

Wasichana walikuwa wamekaa mkekani kumzunguka mama. Katikati palikuwa na sahani nyingine. Stroberi, zimechovywa chokoleti nusu, zimepangwa vizuri kabisa, kama wifi alivyokuwa akieleza wiki nzima. Mama alikuwa ameponyoka kwenda duka la kona, akanunua chokoleti ya kwanza aliyoiona, akachukua stroberi zetu zilizobaki dirishani, akaenda kuiyeyusha kwenye jiko lake chumbani. Jiko lake, kijiko chake, chumba cha karanga zake. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alitaka tu mjukuu asiaibike mbele ya wenzake.

Na Kidoti alikuwa ameshika stroberi moja mkononi.

Nikamtazama wifi nikitegemea atapiga ukelele wa kubomoa ukuta. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Alisimama pale na sahani yake, macho yamemtoka. Na mimi mwenye mdomo usio na kufuli, siku hiyo ulifungwa. Mguu nilitaka kuunyanyua, ukagoma.

Kidoti hakuwa ameila. Alikuwa anaigeuzageuza.

"Bibi, ina nini ndani?"

"Chokoleti, mjukuu wangu. Kula, wenzio wanakungoja."

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi bibi yako."

"Kijiko kimegusa nini?"

Wasichana wakacheka. Mama akaona aibu, na mama akiona aibu anakuwa mkali. "Ebo! Mtoto gani huyu? Bibi yako mzaa baba nikupe sumu? Tazama." Akachukua moja kwenye sahani, akaitia mdomoni, akatafuna huku amemkazia macho.

Akatafuna. Kisha taya likasimama.

Nilimwona anatafuta kitu kwa ulimi. Anaijua karanga mama yangu, anaijua hata usingizini. Zile chembe alizodhani ni chokoleti ambayo haijayeyuka, sasa zilikuwa kwenye meno yake. Uso ulimbadilika rangi. Akaupiga mkono wa mtoto, stroberi ikaruka mpaka ukutani, na sahani nzima akaikumbatia kifuani kama mtu anayezima moto kwa mwili wake. "Msile! Mtoto asile! Ina karanga! Ina karanga mimi nimekwisha!"

Hapo ndipo wifi alipozinduka. Sahani yake alinitupia mimi, sijui niliidakaje. Alimnyakua Kidoti, akamfikisha bombani, akamwosha vidole, kiganja, kiwiko, uso. Safari hii hakuna aliyemcheka. Akamkalisha mapajani akawa anamwangalia midomo. Jirani mmoja mwenye gari, aliyesikia kelele za mama, alikwisha kuwasha injini. Sote tukakaa tunamtazama mtoto anavyopumua, hata wale wasichana. Vidole viwili vikatoka vipele vyekundu. Tukazidi kungoja. Nilikuwa nasali kwa maneno niliyoyasahau tangu utotoni. Vipele vikabaki pale pale kwenye vidole, havikupanda. Kifua hakikupiga mluzi. Mwishowe Kidoti mwenyewe akachoka, akauliza kama sherehe imekwisha.

"Haijaisha," wifi akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza.

Nikaleta ile sahani yetu. Kidoti akaitazama, akamtazama mama yake. "Ina nini ndani?" Wifi akamjibu. "Nani ameitengeneza?" Nikamwambia, "Mimi na mama yako." "Kijiko kimegusa nini?" Wifi alikuwa anafuta machozi, nikajibu mimi: "Maji, Afande. Maji tu." Akala. Alifumba macho, akatafuna taratibu, na chokoleti ikamchirizika mpaka kwenye kile kidoti chake. Kisha akasema ina uchungu kidogo, na akachukua nyingine.

Mama alikuwa bombani. Alikuwa amejiosha mikono, sasa anasukutua, anatema, anaanza upya, na analia. Wifi alimwendea. Nikajua leo yatasemwa. Lakini alimfungulia maji zaidi, akachukua sabuni, akaanza kumwosha mikono, kidole kwa kidole, kama anavyomwosha mtoto.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema.

"Tuanzie hapa kwenye kucha, mama. Hapa ndipo zinapojificha."

Jioni, wageni wameondoka, Kidoti amelala mapajani mwa mama yake, nilidhani ameshasinzia. Wifi alikuwa anamshika vile vidole viwili, anavitazama.

"Sikuweza kupiga kelele," akaniambia. "Wifi, miaka yote nimejiandaa, na sauti ikanikimbia."

Kidoti hakufumbua macho. "Nilikuona, mama," akasema. "Ndiyo maana niliuliza mimi."