Kikombe cha Uji Asubuhi ya Upasuaji

Kila Jumapili ibada ikiisha, kabla sijaikunja leso yangu, kuna msichana hunijia pale kwenye mlango wa pembeni. Hunishika kiwiko na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kile kisu kinauma?" Nami humtazama tumbo, nikamwambia aje nyumbani tuongee. Lakini sasa wamekuwa wengi, na maswali ni yale yale. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi nyote mliopewa tarehe ya kwenda kupasuliwa. Someni polepole, mmeketi. Mungu aliyenirudisha nyumbani hakunirudisha ili ninyamaze.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimeishi Ziwani tangu nilipoolewa, katika nyumba za zamani za kaunti, ambako kamba zetu za nguo hukutana katikati ya uwanja. Mume wangu ni fundi wa mbao. Watoto wetu wawili, msichana na mvulana, walikuwa wamekua. Nyambura, kifungua mimba wetu aliyepewa jina la mama mkwe wangu, alikuwa ameolewa Makadara na ana mtoto anayeniita Shosho. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Damu ya mwezi ilipokoma, nilidhani mambo hayo yameisha. Nikamshukuru Mungu kwa mapumziko.

Kumbe mapumziko yalikuwa na miguu. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti katika maombi ya asubuhi, nikasikia kitu kikinigusa kwa ndani, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo hana hakika kama ni yenyewe. Nilibaki pale chini nikicheka peke yangu.

Mtaa nao ulicheka. Vijana wanaouza mboga karibu na lango waliniona nikipita na mimba yangu chini ya kanzu pana. Mmoja akasema, "Shosh, niaje? Hiyo bol ni yako ama umembebea Nyambura?" Nikamwambia, "Ni yangu, na ukiendelea nitamwita jina lako." Akaniongezea sukuma wiki bure.

Taabu ilianza nikiwa na miezi saba. Nilikuwa naanika shuka, nimeinua mikono, nikahisi joto likiteremka ndani ya mapaja. Nilipotazama chini niliona damu nyekundu, mbichi, na hakuna palipouma. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwili ulikuwa umetulia kabisa, na damu inatoka.

Hospitalini walinipiga skeni. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa kuwa binti yangu. Alikunja ngumi moja na kuifunika kwa kiganja cha mkono wa pili.

"Mama, ngumi hii ni mtoto," akasema. "Kiganja ni kondo la nyuma. Lilipaswa kukaa juu au kando. Lako limeketi mlangoni."

"Kwa hiyo atapitia wapi?"

"Hapiti. Uchungu ukianza wenyewe, kondo litachanika na utatokwa na damu nyingi sana. Tutakupangia tarehe, tukupasue kabla uchungu haujaja."

Nilirudi nyumbani na tarehe. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Mmoja wao aliomba kwa machozi tarehe ile ifutwe, kisu kisinifikie, kondo lihame. Niliitikia amina, kwa maana Mungu ana uwezo. Lakini zamu yangu ilipofika niliomba jambo dogo zaidi. Niliomba mikono ya yule daktari mdogo isitetemeke. Skeni ya pili ilionyesha kondo liko palepale. Nilijua basi Mungu amechagua kujibu ombi lipi.

Sasa nifike kwenye uji.

Sista wa kliniki alikuwa amenieleza vizuri: siku ya upasuaji, tangu saa sita ya usiku, usile kitu. Nilitii. Asubuhi nilioga, nikavaa, nikaketi kitandani nikimngoja mume wangu alete gari. Jua lilikuwa linapenya kwenye pazia na chumba kizima kilikuwa na rangi ya asali. Mama mkwe wangu akaingia, amebeba chupa ya chai mikononi kama mtu aliyebeba mtoto. Alizaa watoto saba, wote kwa mkunga, na kabla ya kila mmoja alikunywa uji.

Nyambura alikuwapo. Akasema, "Shosho, wamesema asile."

"Kwani nimeleta ugali?" Mama akamuuliza. "Uji si kula. Uji hunywewa. Mwanamke haendi kuzaa tumbo likiwa tupu kama debe."

Tuliangaliana, na hakuna aliyeona kosa. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mgonjwa asiyekula hupewa uji, na jioni watu husema hajala kitu leo, amekunywa uji tu. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili. Ulikuwa uji wa wimbi, umechachushwa kidogo, na maziwa. Niliumaliza. Mama akafuta mdomo wangu kwa kidole gumba, nasi tukaomba tukaondoka.

Hospitalini nilivaa gauni lao la kufungwa mgongoni, nikavua pete, nikatiwa sindano ya dripu mkononi. Kisha akaja daktari wa ganzi, mwanamume mrefu aliyevaa makubazi ya mpira, akauliza maswali yake.

"Mama, umekula?"

"Sijala tangu jana."

"Umekunywa chochote?"

"Uji tu."

Aliacha kuandika. "Uji wa maji au wa maziwa?"

"Wa maziwa."

Akavuta kiti akaketi. Hakunifokea. "Mama, kwa tumbo, uji ni chakula," alisema. "Nataka kukuchoma ganzi ya mgongo, ubaki macho. Lakini kwa hilo kondo, damu ikizidi, huenda nikalazimika kukulaza kabisa. Ukilala, koo pia hulala. Uji utapanda na kuingia mapafuni, na hapo tunaweza kukupoteza. Tungoje hadi mchana. Damu ikianza kabla ya hapo, tutaingia hivyo hivyo."

Basi nikalala kwenye wadi, nikiomba uji ushuke kabla damu haijaanza.

Sijui niwaelezeje masaa yale. Feni ilizunguka polepole darini. Mwanga ulihama kutoka ukutani hadi kwenye shuka, kutoka kwenye shuka hadi mkononi mwangu. Wanawake wengine waliitwa wakaenda, vitanda vyao vikabaki na umbo la miili yao. Dripu ilidondoka, nami nikawa naomba kwa mdundo wake, neno moja kwa kila tone. Sikuwa na hofu kali. Nilikuwa kama mtu anayeelea majini, sikio moja juu na jingine chini.

Nyambura alikuwa amemwambia bibi yake maneno ya daktari. Nikamwona mama mkwe amesimama miguuni pa kitanda, bado ana chupa ile.

"Mama Nyambura," akasema. "Nimekuua?"

"Hujaniua, Mama. Umeninywesha uji."

"Mwaka huu wote nimekuombea, kisha nakuja na mkono wangu huu."

"Keti, Mama. Nishike miguu, imepoa."

Akaweka chupa sakafuni, akaingiza mikono chini ya blanketi, akanishika nyayo. Viganja vyake ni vigumu kwa miaka mingi ya kuosha nguo za watu, na vilikuwa na joto. Tulikaa hivyo hadi jua likapita dirisha.

Kisha nikahisi lile joto jingine, mapajani. "Mama," nikasema taratibu, "mwite sista." Alitoka mbio, yeye ambaye hutembea kwa fimbo.

Nilisukumwa nikitazama taa za darini zikipita juu yangu moja baada ya nyingine. Mlangoni pa thieta daktari wa ganzi alinitazama. "Uji wako umekaribia kushuka," akasema. "Twende."

Sasa nijibu lile swali lenu. Watakukalisha na kukuambia ujikunje kama paka. Watakupaka dawa baridi mgongoni. Sindano yenyewe huuma kama siafu, halafu kuna msukumo, halafu miguu inapata joto na kuanza kuondoka. Vidole vilitangulia, kisha magoti, kisha nyonga. Mahali pa mwisho kupotea palikuwa kwenye nyayo, pale mikono ya Mama ilipokuwa. Wakanivisha mpira wa mkojo, nisihisi lolote. Wakatundika kitambaa cha kijani mbele ya kifua changu ili nisione.

Kisu sikukisikia. Nilisikia kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayepekua kapu lako akitafuta kitu kilicho chini kabisa. Si maumivu, ila si jambo la kuzoea. Nilitapika kidogo, daktari wa ganzi akanigeuza kichwa upesi na kunifuta. Kisha sauti upande wa pili wa kitambaa zikabadilika. Zikawa fupi. "Leteni damu," yule daktari mdogo akasema, na sauti yake haikutetemeka. Masikio yangu yakaanza kujaa kitu kama pamba.

"Mama, niongeleshe," daktari wa ganzi akasema. "Uji ulikuwa wa nini?"

"Wimbi."

"Umechachushwa?"

"Kidogo."

"Usilale. Niambie unavyopikwa."

Nilianza kumweleza, na nikiwa naeleza nikamwona mama yangu mzazi, Wangari, aliyefariki zamani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta wimbi. Makapi yaliruka kwenye mwanga kama dhahabu nyembamba. Hakuniita. Aliinua tu macho kama mtu anayeona mgeni amefika mapema, kisha akaendelea kupepeta. Nikasema, nadhani kwa sauti, "Basi, Mama, nitarudi." Palepale mtoto akalia.

Alikuwa msichana. Walimleta shavuni kwangu, ana utando mweupe na harufu ya chumvi na chuma. Nikamwambia, "Karibu, Wangari." Jina lilikuwa lake kwa haki, kwa sababu msichana wa pili kwetu hubeba jina la mama wa mama. Damu yangu iliendelea kumwagika kwa muda, wakanirudishia ya mtu mwingine kupitia mkononi. Sikulazwa usingizi. Sijui jina la aliyenitolea damu ile, lakini kila asubuhi ninamtaja mbele za Mungu, na Mungu anamjua.

Nilipotolewa nilitetemeka hadi meno yakagongana. Msiogope likiwapata, huisha. Miguu ilirudi baadaye ikiwa na mwasho. Kule kwenye varanda nilisikia kigelegele, halafu cha pili, halafu cha tatu, vyote vya sauti ya chini, vimezibwa kwa kiganja. Ni mama mkwe, akimpokea msichana kwa desturi yetu bila kuamsha wadi.

Kesho yake sista aliniambia nisimame. Nilidhani ananidhihaki. Nilisimama nimejikunja kama herufi C, na hatua ya kwanza iliniunguza kidonda. Simameni hata hivyo, mkishikwa, kwa maana kutembea huzuia damu kuganda miguuni. Mkikohoa au mkicheka, baneni mto juu ya kidonda. Gesi ya tumbo itawachoma hadi begani. Ikitoka, mshukuruni Mungu bila aibu. Damu ya chini itaendelea kutoka wiki kadhaa, ikipungua. Ikizidi ghafla, au kidonda kikitoa usaha, au mwili ukichemka, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Na asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba hamkuzaa. Mimi nimezaa kwa njia zote mbili.

Siku hiyo Mama alikuja na ile chupa. Alimimina kikombe, lakini hakunipa. Alikishika kifuani, akamngoja sista apite.

"Mwanangu, sasa ameruhusiwa?"

"Ameruhusiwa, Shosho."

Kisha akamwona daktari wa ganzi mlangoni na makubazi yake. "Daktari, na wewe useme."

"Ameruhusiwa," akasema. "Akibakisha, niletee mimi."

Ndipo akaniletea kikombe mdomoni. Sikubakisha.

Leo Wangari anatambaa na kuvuta vitambaa vya meza. Nami nina kovu jembamba chini ya tumbo, kama mkunjo wa leso, ambalo hukaza mvua ikikaribia. Kila ninapoliosha, ninashukuru kwa ajili ya yule daktari mdogo mwenye mikono mitulivu, kwa mtu asiye na jina aliyenipa damu, na kwa Bwana aliyewaweka wote kazini mchana ule. Ulizeni maswali yenu yote hospitalini. Na mkiulizwa kitu, semeni ukweli wote, hata kama ni uji.

Na msichana yeyote wa mtaani kwetu akipewa tarehe, mama mkwe wangu humtembelea siku moja kabla. Huenda na fimbo yake na mikono mitupu. Huketi, humshika miguu, humwambia, "Kesho asubuhi sitakuletea kitu. Uji ni chakula, mwanangu. Zaa kwanza, halafu utaniona mlangoni."