Siku Maji Yalipokuja Bila Harufu

Nilirudi nyumbani, nje kidogo ya Kibondo, mvua zikiwa zimeshika. Nilitoka Kahama, kabla ya hapo Mpanda, na kabla ya hapo nilikuwa nasimamia mabomba kwenye kambi ya wakimbizi. Sikupanga kukaa. Begi langu lilikuwa bado limefungwa kando ya kitanda, na moyo ulishaanza kuitamani barabara ya Kakonko.

Kilichonishika ni mtoto wa marehemu dada yangu, anayelelewa na mama. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Alikuwa ametoka wodini kwa kuharisha, amebaki macho na mbavu. Nesi alituambia waziwazi kwamba mwili ule hauna akiba tena; akiharisha mara nyingine, tusitegemee kurudi naye.

Maji yetu yanatoka kwenye kijito. Pampu inayapandisha hadi tangi la kilimani, na humo dawa hudondoka kutoka kwenye pipa kupitia mrija mwembamba. Kisha mlinzi wa tangi anafungulia mtaa mmoja mmoja kwa zamu. Watu wanayaita maji ya hospitali. Chai inanuka, maharage yananuka, na wanaopika pombe ya ndizi wanasema dawa inaizuia kuchachuka. Mimi harufu ile niliizoea kambini. Akina mama wa Kikongo waliikunjia pua kila asubuhi. Mimi ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi.

Asubuhi ya zamu yetu niliamshwa na vigelegele bombani.

"Leo matamu!" jirani alipiga kelele. "Njooni muonje, kama ya mtoni!"

"Harusi hii ya mtaani ina baraka," mwenzake akajibu. "Pombe itachachuka yenyewe."

Nilitoka, nikakinga kiganja, nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena, safari hii nimefumba macho. Udongo tu, na majani. Kijito kile kinapita chini ya vyoo vya mnadani, na ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikakimbilia ndani. Mama alikuwa anamfuta mtoto mdomo. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Umempa maji gani?"

"Ya bomba. Kuna mengine? Tangu atoke hospitali sijamwona akinywa hivi."

Nilipanda kilima mbio, matope hadi magotini. Mlinzi wa tangi nilisoma naye sekondari. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, anakula muhogo.

"Mwakeye, msafiri!" alinisalimia. "Umekuja kuaga tena?"

"Dawa imekwisha?"

"Ipo."

"Mbona maji hayanuki?"

Akaacha kutafuna. "Nimeibana kidogo. Harusi, bwana. Akina mama wamekuja hapa wamepiga magoti kwenye matope. Ningekataaje? Nikipita sokoni natukanwa kama nimewaua."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikapanda mwenyewe hadi kwenye pipa, nikaushika mrija. Ulikuwa mkavu.

Akaja nyuma yangu, akafungua koki. Tone likaanguka, kisha jingine. "Haya. Umeridhika?"

Kule chini niliona mabati ya mtaa wetu na watu wamepanga ndoo bombani. Maji yaliyotangulia yalishafika kwenye mitungi, kwenye masufuria, tumboni. Hakukuwa na koki ya kuyarudisha.

"Nani alikuja kukuomba?"

"Wengi. Mama yako ndiye aliyewasemea."

Nilishuka nikiteleza na kuanguka. Mama aliponiona akacheka. "Kambi imekuharibu wewe. Hata maji ya Mungu unayaogopa."

"Mrija ulikuwa mkavu, mama. Mkavu kabisa."

Kicheko kikamkatika. "Tulimwambia apunguze," alisema. "Apunguze tu."

Akaumwaga mtungi uani, akamwaga na ndoo. Kisha akaenda kwenye ua wa miti na kuita majirani, wachemshe, wasinywe hivihivi. Wakamcheka.

"Bibi, si wewe uliyetuombea?"

"Ni mimi. Chemsheni."

Sikumwona mtu akiwasha moto kwa ajili hiyo. Sisi tuliwasha. Tulikoroga chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemka, tukayafunika, tukakaa kizingitini tukimtazama mtoto akicheza uani. Sikumlaumu mama; ningemwambia nini ambacho hakuwa anakijua?

Mtoto akachuchumaa karibu na jiwe la kufulia. Tukasimama wote wawili. Alikuwa anaokota kizibo cha soda. Tukakaa. Baadaye akachuchumaa tena, tukasimama tena, na mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Wiki iliisha bila mtoto kuugua. Mtaa wa pili waliugua wawili, wakapona. Begi nililifungua, nikatundika nguo ukutani. Mpaka leo mtoto akiinama uani, nasimama.