Redio Katika Chumba cha Eda

Mwaka wa mwisho wa vita vya kumng'oa Mreno, mahali salama kuliko pote pa kusikilizia redio mjini Palma, kusini ya mto Ruvuma, palikuwa chumbani kwa shangazi yangu, kwa sababu shangazi alikuwa kizuka. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani mpaka eda yake iishe, na mwanamume asiye maharimu haingii humo. Hata masipai, wale askari weusi wa Mreno waliokuwa wakichungulia kila ua kumtafuta anayesikiliza sauti ya wapiganaji kutoka Dar es Salaam, kwake waliishia mlangoni. Walitoa pole wakaenda zao.

Redio yenyewe ilikuwa ya mumewe. Alikuwa mfanyabiashara, anapeleka samaki wakavu Mtwara na kurudi na vitambaa. Vita vilipofunga njia, yeye aliendelea kuvuka Ruvuma kwa kujificha, na kila mara shangazi alimwambia aache, na kila mara alicheka. Safari moja hakurudi. Akaja muuza tumbaku akasema kwamba mume wa shangazi amekufa huko karibu na mto. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma dua, shangazi akavishwa nguo za eda, na wanawake wa mtaa wakaja na mikeka yao kumliwaza.

Kuliwaza ni kazi ya siku mbili tatu. Baada ya hapo watu huanza kutafuta cha kuzungumza, na redio ilikuwa pale. Mimi nilikuwa nimeachika karibuni, nimerudi nyumbani, sina kazi ila ulimi. Kireno nilikiokota jikoni kwa mkuu wa posto, kituo cha utawala cha Mreno, ambako baba alikuwa mpishi. Basi nikawa mfafanuzi. Kila baada ya alasiri niliwasha redio, sauti chini kabisa, nikaanza na stesheni ya Mreno, kisha nikahamia ile ya ng'ambo, halafu nikawaeleza wenzangu dunia imeamkaje.

Na dunia, niseme kweli, ilinifurahisha mno. Waarabu na Waisraeli walipigana, na wiki chache baadaye mafuta ya taa yakaadimika dukani kwa Mhindi. Wanawake hawakuelewa vita vya huko vinaingiaje kwenye vibatari vyetu. Nilieleza visima viko wapi, vya nani, na nani kakataa kumuuzia nani. Nilitumia vikombe vya kahawa kuwa nchi na kipande cha uzi kuwa njia ya meli. Siku nyingine nikawaambia mkubwa wa Marekani yuko matatani kwa sababu watu wake walinaswa wakitega masikio kwenye maneno ya watu wengine. Jirani mmoja aliinamia magoti kwa kicheko. Huku kwetu, alisema, wa kutega masikio wanalipwa mshahara, na mkubwa wao hajawahi kuulizwa na mtu.

Kilichonipa shida ni habari za hapahapa. Mreno alisema jeshi lake limewafyeka magaidi. Dar ikasema wapiganaji wameteketeza malori ya Mreno. Mapigano yaleyale, njia ileile, na wote wameshinda. Wanawake walitaka niwaambie nani mwongo, na mimi nilipandwa na hasira kila nilipoulizwa, maana sikujua. Nusu ya wale walioitwa magaidi walikuwa watoto wetu, na nusu ya masipai pia. Hatimaye nikatunga kanuni yangu. Shikeni pale wanapopatana, niliwaambia. Huyu akisema kulikuwa na mapigano Awasse, na yule akisema kulikuwa na mapigano Awasse, basi mapigano yalikuwepo. Penginepo pote, ngojeni mpaka apatikane aliyekuwepo.

Kanuni ile ilipendwa sana. Ikawa mtu akileta umbea wa ndoa au wa mbuzi aliyepotea, anaulizwa kwanza umetoka stesheni ngapi. Tulicheka nayo. Shangazi hakucheka. Yeye alikaa pembeni siku zote akisuka ukili, wala sikudhani anasikiliza. Siku moja, nimekwishazima redio na watu wanatafuta kandambili zao, akauliza bila kuinua uso.

"Na habari ya mume wangu, imetoka stesheni ngapi?"

Alikuwa ananiuliza mimi.

"Moja, shangazi," nikasema.

"Na huyo mwenyewe aliyeileta, kaona?"

Muuza tumbaku akaitwa. Alisimama nje ya dirisha, akajikuna, akaungama kwamba yeye hakuona kitu. Alisimuliwa na mtu sokoni, na mtu huyo hamjui kwao. Asubuhi yake shangazi alivua nguo za eda, akaoga, akachukua ndoo akaenda kisimani mchana kweupe. Mji ulipata la kusema. Mwalimu alikuja amekasirika, akamkumbusha sheria. Shangazi akamwamkia kwa adabu, kisha akamuuliza kama mume yuko hai, yeye anamkalia eda nani. Mwalimu alipoondoka hakuwa na hasira tena.

Aliyekuwa na hofu ni mimi. Nilikuwa nimetunga kanuni ya kupimia maneno ya redio, na sasa mtu ameifanya ngazi ya kupandia tumaini. Shangazi alifua misuli ya mumewe akaianika. Alianza kumwekea chakula kando. Nilitamani kumwambia kwamba habari ya stesheni moja huweza nayo kuwa kweli, lakini kila nilipofungua kinywa niliuona uso wake nikakifunga. Na kwa kuwa chumba hakikuwa tena cha kizuka, redio ikabidi ifunikwe kwa ungo, nasi tukaisikiliza tukijifanya tunachambua mchele.

Ndipo tuliposikia kwamba huko Lisbon askari wameiangusha serikali yao wenyewe. Stesheni zote mbili zilisema hivyo, kwa hiyo tuliamini. Lakini wanawake waliuliza: hawa askari wa hapa Palma, sasa ni wa nani? Nikawaambia tukawaangalie. Tukawa tunapita posto na ndoo vichwani. Bendera ilikuwa ileile, ila chini yake askari walikuwa wameacha kunyoa ndevu, wamekaa kifua wazi wakiandika barua, na siku nyingine wote wamo majini wakiogelea ghuba ya Tungue kama watoto. Miezi ikapita hivyo. Kisha yakatangazwa mapatano, na wapiganaji wakashuka mjini bila risasi hata moja. Walikaa na askari wa Mreno kwenye baraza moja la duka, wakinywa soda.

Shangazi alinichukua twende pale. Hakumweleza mtu yeyote alama za mumewe. Aliuliza tu kama kuna aliyemwona mchuuzi wa samaki wakavu kandokando ya mto. Kijana mmoja wa msituni akasema ndiyo. Walimkuta kivukoni, amekufa, kapu lake limemwagika, wakamzika. Alikuwa amevaa msuli ulioungwa pindo kwa kipande cha kanga nyekundu. Shangazi alishukuru, akasema hiyo ni moja. Siku chache baadaye akampata sipai aliyekuwa akiongoza doria za Mreno upande ule, mtu ambaye hakuwahi kusemezana na yule kijana. Akamuuliza vilevile. Naye akataja samaki, kivuko, kipande cha kanga nyekundu.

Kanga ilikuwa yake. Kipande kile alikikata na kukishona yeye mwenyewe.

Kitu kimoja tu walitofautiana. Kijana alisema risasi ilikuwa ya Mreno, na sipai akaapa ilikuwa ya watu wa msituni. Damu ilinichemka. Nilitaka niwalete wawili wale wasimame uso kwa uso waseme upya mbele ya watu. Shangazi alinishika mkono, akanivuta kando.

"Kafa," alisema. "Hapo wamepatana. Kwingine waachie wenyewe."

Mwalimu alimwambia eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na yake ilikwisha zamani, hadaiwi kitu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaoga, akavaa nguo zile alizozivua, akaketi mahali pake. Wanawake wakarudi na mikeka. Jirani akaniomba niwashe redio, nami nikamtazama shangazi, akaitikia kwa kichwa. Niliiwasha kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu tuwe nayo. Mreno alisema vita vimekwisha, nikahama, na Dar ikasema vita vimekwisha. Wanawake walimtazama shangazi, na hakuna aliyenitaka nifafanue.