Pete za Nyota za Bartolomeo

Marehemu mume wangu, Bartolomeo, alifundisha fizikia mjini Iringa, na kila likizo ya kiangazi alikwenda kwa dada yake Mbeya kupiga picha za nyota, kwa kuwa huko milimani anga ni safi. Kamera aliifunga juu ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, akazungusha skrubu polepole kwa vidole ili aufuate mwendo wa nyota. Alirudi na picha chache na kikohozi. Kikohozi ndicho kilichomwondoa, mwaka 1976.

Katika picha zake nyota ndogo zilitoka vizuri. Zile kubwa za Msalaba wa Kusini zilizungukwa na pete ya ukungu mweupe, kwa sababu mwanga mkali hupenya filamu, hugonga mgongo wake na kurudi. Mwalimu mwenzake, Jailos, alimtania kwamba amepiga picha ya taa za malori yakishuka mlima wa Kitonga usiku wa ukungu. Bartolomeo alicheka, lakini pete zilimkera. Wapiga picha wa mjini walimshauri azifunike kwa wino. Alikataa, maana brashi ingefuta pia nyota ndogo zilizomo ndani ya pete.

"Nyota si uso wa bibi harusi," alisema.

Mwaka uliofuata kifo chake, shule iliomba picha moja ya kutundika maabara, jina lake likiandikwa chini. Jailos, ambaye sasa alisimamia maabara, ndiye angeipokea. Alitaka pete ziondolewe. Nilikubali, kisha nikalifikiria lile jina. Picha ikipakwa rangi kwa brashi, kisha mtu akagundua, mume wangu ataitwa mwongo, naye hayupo kujibu. Binti yetu Severina alikuwa akisoma shule hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa Selestini, mwenye studio pale Kihesa, nikamweleza njia ambayo marehemu alikuwa ameanza kuijaribu. Filamu hunakiliwa juu ya filamu nyingine, kioo cha dirisha kikiwa katikati, ili nakala itoke hafifu na yenye ukungu. Kisha zote mbili hulazwa pamoja, na picha husafishwa kupitia kwazo. Kwa kuwa katika nakala cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi, ukungu wake hupunguza ukungu wa pete, na nyota, ambazo zina kingo kali, hubaki. Filamu zilikuwa adimu. Nilimpa mbili alizoziacha marehemu bila kuzitumia.

Niliporudi alasiri, picha haikuwa na pete. Haikuwa na nyota ndogo pia. Selestini alikuwa amekiondoa kioo, nakala ikatoka kali na kufuta nyota ndogo pamoja na pete. Maisha yake yote watu walimlipa ili sura zao zitoke wazi, na mkono wake haukukubali kutengeneza kitu chenye ukungu kwa makusudi.

Aliomba radhi, akachukua brashi.

"Mama Severina, niache nizirudishe kwa nukta za rangi nyeupe. Nani atazihesabu?"

"Jailos," nilisema. "Na asipozihesabu yeye, mimi ninajua."

Filamu ilibaki moja. Niliingia naye chumba cha giza, nikakiweka kioo mwenyewe. Picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa nilitarajia kuhisi jambo fulani. Nilihisi harufu ya dawa tu. Nyota ndogo zilikuwapo zote. Pete zilikuwa zimefifia hadi kupotea, isipokuwa moja, nyembamba, kwenye nyota angavu kuliko zote. Selestini aliitazama brashi, akanitazama mimi, akairudisha ndani ya kopo.

Jailos aliipokea picha kwenye mlango wa maabara. Aliipeleka dirishani, akavua miwani, akaisogeza puani na kuiinamisha huku na huku, kama mtu anayetafuta alama za brashi. Nilisubiri.

"Shemeji, lori moja limebaki barabarani," alisema hatimaye.

"Limebaki."

"Fundi wa mjini asingeliacha." Alivaa miwani yake. "Basi hii ni kazi ya Bartolomeo mwenyewe."

Akaenda kutafuta nyundo. Alipopigilia msumari nilishika picha, kisha nikaisawazisha, nikarudi nyumbani kwa miguu.